Picha ya Mlango wa Choo

Jumatatu, 25 Mei 2015
Nimechaguliwa kapteni wa gofu hapa Inverallan. Nilifurahi dakika kumi. Kisha nikaenda chooni, nikapita chini ya picha ya baba. Picha za makapteni wote hutundikwa ukumbini, isipokuwa ya aliyeshindwa na wageni kwenye kiwanja chetu. Yake hutundikwa juu ya mlango wa choo. Yuko mmoja tu, baba, tangu 1983. Portlurg, kijiji jirani, wanakuja kucheza nasi tarehe 13 Juni.

Jumanne, 26 Mei
Dawa imepatikana! Portlurg wanapiga kwa nguvu, mipira yao hukimbilia pembeni. Nimemwambia Lachie, mtunza kiwanja, asikate nyasi za pembeni mpaka mechi iishe, mipira yao ipotee humo. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Sina.

Jumatano, 10 Juni
Nyasi zinafika magotini. Nitacheza na Innes wa posta: watu wawili, mpira mmoja, tunapokezana kupiga. Innes amecheka. "Murdo bwana, kijiji hiki nani anapiga pembeni kukuzidi wewe?" Wivu tu. Lakini supu ya jioni sikuimaliza.

Ijumaa, 12 Juni
Balaa. Vijana wa Portlurg wana harusi, wanaleta wazee. Kapteni wao, Bisset, ana miaka sabini na nne. Anapiga karibu karibu, katikati, siku zote. Nikamkimbilia Lachie akate nyasi. Mashine imeingia, imekwama, imekufa. Naogopa, sifichi.

Jumamosi, 13 Juni
Sare mpaka shimo la mwisho, sisi na Bisset na mwenzake. Kijiji kizima kinatazama. Zamu yangu kuanza. Nimepiga. Pembeni! Dakika tano za kutafuta, watu arobaini wameinama, mke wangu akiwemo. Tumeokota mipira tisa, wetu haumo. Innes akarudi kupiga upya, na adhabu juu. Bisset alishamaliza. Tumefungwa. Innes amenibebea mfuko wangu mpaka klabuni. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 14 Juni
Picha yangu imetundikwa. Innes alinishikia misumari. "Angalau mzee wako kapata mwenzake," akasema, kwa upole kabisa. Miaka thelathini na miwili baba yuko pale peke yake. Nusura nilie.
Bado mimi ni kapteni, hakuna mwingine anayetaka. Nimesimama pale kitambo, watu wakinipita kwenda kujisaidia, ndipo nikaliona kosa letu. Nimempigia Lachie simu papo hapo. Nyasi hazikuwa ndefu vya kutosha.