Kostimu Nyuma ya Usukani

Jumatatu, 8 Aprili

Baraka. Mvua asubuhi, jua mchana. Mama Pulchérie, mwenye malori tunayoendesha, amebandika karatasi kwenye mlango wa depo. Kuanzia wiki hii kila dereva avae viatu vinavyofunika vidole, suruali ndefu na jile, kizibao cha kung'aa. Sandali marufuku.

Mimi Casimir, miaka kumi na tano kwenye usukani, sijawahi kuendesha na kitu kingine ila sandali na singleti. Mguu lazima usikie breki! Nimemwambia Mama Pulchérie hivyo. Amejibu kwamba angefurahi zaidi kama masikio yangu nayo yangesikia.

Sasa jambo lenyewe. Lori jipya linakuja kutoka Uvira. Shirika moja linataka kulikodi lipeleke mbegu kwa wakulima wa Kilembwe. Jumamosi mkaguzi wao, Madame Solange, atakuja kutuangalia sisi madereva wawili. Atakayempendeza ndiye atakayepewa lori jipya. Mwingine atabaki na lile kuukuu. Mlango wa lori langu la sasa unafungwa kwa kamba. Basi!

Dereva wa pili ni Zénon. Mrundi, mkimbizi, mpole, mrefu kama nguzo ya simu. Huvaa buti kila siku, hata kwenye joto la saa saba. Leo aliisoma karatasi, akaangalia buti zake, akanyamaza. Kunyamaza kule! Kumenichoma kuliko tusi.

Nimeshapanga. Yeye ana buti? Mimi nitapita juu kabisa. Nitavaa kostimu, ile suti yangu ya arusi, na viatu vyeusi vyenye ncha. Karatasi imesema viatu vifunike vidole, haikukataza urembo. Mke wangu Anastasie amesema kostimu hiyo ilishonewa mwanaume mwembamba aliyemwoa, na mwanaume huyo hajamwona siku nyingi. Nimevuta tumbo, kifungo kikafunga.

Jumanne, 9 Aprili

Siku kubwa. Nimepanda Fizi na mzigo wa chumvi na ndakala, dagaa wa ziwani, mimi ndani ya kostimu, tai nyekundu, manukato.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari walisimama! Kamba iliinuliwa kabla sijafika. Mmoja alipiga saluti. "Pita, Honorable, pita tu!" Miaka kumi na tano nasimamishwa pale na kuulizwa hata jina la babu. Nilipunga mkono kidogo, kwa vidole viwili. Nadhani hivyo ndivyo wabunge wanavyopunga.

Sokoni Fizi mambo yaliharibika kidogo. Wapakuaji walikataa kugusa mzigo. Niliwaambia wafungue nyuma. Mkubwa wao akanijibu kwa heshima nyingi: "Papa, sisi tunangojea shofere." Nikasema dereva ni mimi. Wakacheka vizuri, wakakaa chini, wakaendelea kumngojea shofere.

Kisha wakaja bamama wawili. "Honorable, batoto betu banaanguka mu ule mutaro wa ku école kila mvua. Mutatusaidia lini?" Ningeweza kusema ukweli. Lakini watu walikuwa wameanza kukusanyika, na nilikuwa nimesimama kwenye ngazi ya lori, mahali pazuri pa kusemea. Nimeahidi daraja la mbao pale shuleni. Wamepiga vigelegele. Mzigo niliupakua mwenyewe.

Wakati wa kushuka, kwenye mteremko kabla ya Baraka, ncha ya kiatu cha kulia iliingia chini ya breki ikakataa kutoka. Navuta, haitoki. Nakanyaga, haikanyagiki. Lori linashuka! Nikamwita Yesu, nikamwita Anastasie, nikakata usukani kuelekea shamba la mihogo. Lori lilipita juu ya matuta manne, likasimama kwenye la tano. Hakuna aliyeumia. Suruali ilipasuka nyuma, kutoka mkanda hadi goti.

Mwenye shamba alikuja mbio na jembe lake. Alinitazama, tai, kostimu, matope. "Honorable, minashukuru kwa kunitembelea. Lakini muhogo yangu?" Nilivua koti, nikachukua jembe. Tumepanda upya pamoja mashina yote hadi saa kumi na moja. Mama mwema. Alinipa kipande cha muhogo wa kuchoma. Kitamu sana.

Jumatano, 10 Aprili

Mama Pulchérie amesikia. Baraka nzima imesikia. Alinisimamisha katikati ya depo.

"Papa Casimir, minakupenda kama ndugu. Unajua ni batu ngapi banapandaka juu ya mizigo yako? Jana kama kungekuwa batu pale juu?"

Kwa bahati jana hapakuwa na mtu. Nimekunywa maji, nikanyamaza kama Zénon. Ni ngumu kuliko nilivyodhani.

Amesema kesho nije na jile na viatu vya kawaida, la sivyo nisimngoje Madame Solange. Haya. Viatu ninavyo, vile vya kanisani, vyenye kiraka. Jile ndiyo shida. Nimezunguka soko lote, majile yamekwisha. Nikamkumbuka shemeji yangu Jérémie, mdogo wake Anastasie, motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Ana jile la rangi ya machungwa lenye mistari ya kung'aa. Anaumwa malaria wiki hii, halihitaji. Amesema nilichukue, ila nisilichafue, na niwe mwangalifu na namba. Namba gani? Nimeona baadaye: mgongoni limeandikwa 114, kubwa kama sahani.

Namba haimdhuru mtu.

Alhamisi, 11 Aprili

Namba imenidhuru.

Nilienda depo kwa miguu. Kabla ya kufika, watu saba wamenipigia mluzi. Motari! Motari, njoo! Mzee mmoja alikasirika kwamba namkataa kwa sababu ya magunia yake. Nikamweleza kwamba sina pikipiki. Akaniuliza nimeiangusha wapi.

Kwenye lori ikawa vibaya zaidi. Nilisimama nipishe mbuzi. Mama mmoja mwenye kuku wawili akafungua ule mlango wa kamba (sijui alijuaje fundo lake), akaketi kando yangu, akasema nimpeleke Mboko haraka, kuna kilio. Nilimweleza kwamba hili ni lori. Akasema anaona, na amefurahi, kwa sababu pikipiki zinamuumiza mgongo. Siku ya msiba unamshushaje mtu? Nimempeleka Mboko. Kuku mmoja alijisaidia kwenye jile la Jérémie, juu ya namba moja ya kwanza. Niliporudi nikaitwa 14.

Halafu mkubwa wa chama cha motari alinisimamisha sokoni. Alitaka kujua kwa nini namba ya Jérémie inatembea na Jérémie yuko kitandani. Alilichukua jile. Limekwenda.

Na nani alikuwa amesimama pale anaona yote? Zénon. Alinisogelea taratibu. "Mzee Casimir, nina jile la pili nyumbani. Nikuletee?" Alilisema kwa upole, na kwa upole huo nikamchukia. Nimekubali, bila shaka. Jile ni jile.

Sasa saa kumi na moja. Zénon ameosha buti zake, ameziweka juu ya ukuta wa depo zikauke, amekwenda nyumbani na sandali. Buti nzito, nyeusi, zenye chuma mbele kwenye vidole. Zimekaa pale peke yake. Ukuta ni wa wote. Mvua inaweza kunyesha.

Nimezichukua. Ziko kwenye sanduku la vyuma chini ya kiti changu. Sikuiba. Nimezihamisha hadi Jumamosi mchana tu.

Ijumaa, 12 Aprili

Zénon ametafuta buti zake asubuhi yote. Aliniuliza kama nimeziona. Nimemsaidia kutafuta! Nimetafuta kuliko yeye, hata juu ya bati nimepanda. Mama Pulchérie alinisifu kwa moyo mwema.

Tulipopumzika kivulini, Zénon alinieleza habari ambayo sikuiomba. Buti zile alipewa na Claver, kaka yake. Claver alikuwa dereva kule Uvira. Siku moja, akibadilisha gurudumu na sandali miguuni, chuma kilimwangukia. Akapoteza vidole vitatu. Alipopona, kitu cha kwanza alichonunua ni buti, na hakujinunulia yeye. Alimletea mdogo wake. "Kila nikizivaa namkumbuka," alisema Zénon, basi, akanyanyuka kutafuta tena.

Nimekula bugali na sombe ya majani ya muhogo, sahani mbili, kisha nikarudi kuangalia chini ya kiti changu. Buti bado zipo.

Jumamosi, 13 Aprili

Madame Solange amefika saa tatu kamili. Mwanamke mfupi, kofia ngumu, kalamu mbili. Mama Pulchérie alisimama kando yake kama mama wa bibi harusi. Mimi: viatu vya kanisani, jile la Zénon likinifika magotini. Zénon: jile, suruali safi, na sandali. Madame Solange alitazama miguu yake, akaandika kitu. Nami nilijua kilichoandikwa.

Alianza na lori langu. Akatazama kamba ya mlango, akapumua. Akafungua sanduku la vyuma. Akatoa buti moja, kisha ya pili, safi, zinang'aa.

"Voilà! Dereva anayetunza buti zake. Papa, mbona hauzivae? Vaa, kisha utuonyeshe namna unabadilishaka gurudumu."

Zénon ni namba arobaini na tano. Mimi ni arobaini na moja. Nimezivaa. Nilitembea kama bata anayevuka matope. Zénon alizitazama zile buti, kisha akanitazama usoni. Kunyamaza kulekule!

Nilipiga jeki. Nilifungua nati zote. Nikalivuta gurudumu, zito kama ng'ombe mjamzito, nikarudi nyuma nalo hatua moja. Buti ya kushoto ilikubali kurudi, ya kulia ikakataa. Mikono ikateleza. Gurudumu zima, na chuma chake, likaanguka juu ya mguu wangu wa kulia. Ngo! Mama Pulchérie alipiga kelele. Wanawake wa duka la jirani walikimbia kuja.

Nilifumba macho nikingoja maumivu. Hayakuja. Nikachezesha vidole, kimoja kimoja. Vyote vitano vikaitika. Chuma cha mbele kilikuwa na mkwaruzo mdogo tu.

Nikakaa chini pale mavumbini. Nilikuwa nafikiria viatu vyangu vya kanisani. Nilikuwa namfikiria Claver, ambaye sijawahi kumwona. Madame Solange alikuwa ameshaanza kuandika jina langu, akiniuliza linaandikwa kwa C au kwa K, na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukasema: "Buti ni za Zénon. Mi ndjo nilizificha."

Kisha Mama Pulchérie akaniita majina mengi, mengine ya Kibembe ambayo sijayasikia tangu bibi yangu afariki. Alitaka funguo za lori mkononi mwake sasa hivi. Hapo Zénon akasogea. Alimwambia Mama Pulchérie kwamba hakuna dereva mwingine anayejua ile barabara ya Fizi jinsi Mzee Casimir anavyoijua, pamoja na mashamba yake. Madame Solange alicheka hadi kofia ikahama. Mama Pulchérie akajaribu kutocheka, akashindwa.

Lori jipya ni la Zénon. Nimebaki na funguo za lile kuukuu, na kwa mwezi mzima nitaosha yote mawili. Kabla ya kuondoka, Madame Solange alitoa jozi ya buti kwenye gari lake, namba arobaini na moja. Amesema ni zangu, na kwamba nimezipata kwa mdomo, si kwa mguu.

Nilimrudishia Zénon zake. Alizipangusa kwa mkono wa shati. Nikamwomba msamaha. Akasema mkwaruzo ule atauacha, amwonyeshe Claver.

Jumapili, 14 Aprili

Jua zuri. Ziwa limetulia. Misa, kisha Zénon alikuja kula kwetu. Anastasie alipika samaki wa mawese, mafuta yetu ya ngazi, na bugali ya kutosha kijiji. Jérémie amepona, amerudishiwa jile lake, amenisamehe nusu. Binti yetu Vanessa alitaka nimweleze mara tatu habari ya mama wa kuku. Tulicheka mpaka machozi. Buti zangu mpya ziko mlangoni, nimezipaka kiwi. Hazibani. Siwezi kudanganya shajara yangu: nina furaha.

Zénon alipoondoka, Anastasie aliniuliza nimejifunza nini wiki hii. Nilimwambia nimejifunza mengi, na ni kweli. Nimekaa kivulini, nimeyafikiria yote kwa utulivu, na kosa nimeliona waziwazi. Nilianzia miguuni. Mtu hatazamwi miguu kwanza! Hata Madame Solange, ukimkumbuka leo, unakumbuka kofia.

Fundi cherehani wa karibu na soko anaweza kushona kofia nyeupe ya kapteni, yenye uzi wa dhahabu mbele, na vibao vya mabegani kama vya rubani. Anastasie alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya nilipima kichwa kwa kamba. Nimemtumia fundi kipimo. Itakuwa tayari Jumatano, siku ninayopanda tena Fizi, ambako kwa vyovyote lazima nieleze habari ya daraja.

Nimechunguza vizuri wakati wa chakula. Zénon hana kofia.