Kuku Wangu Bado Hajawa Taka

Kijiji cha Ujamaa Tupendane,
Handeni.
Jumatatu, 18 Agosti 1975.

Kwa Ndugu Mbwana,
Mwenyekiti, Kamati ya Pamoja ya Taka,
Vijiji vya Tupendane (Handeni) na Juhudi (Korogwe).

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUKU WANGU KUCHUKULIWA KAMA TAKA

Kwa umri ungeniamkia wewe, lakini kwa cheo naanza mimi: shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na wajumbe wako wa pande zote mbili za mto. Mimi ni Swaumu binti Rehani, nyumba ya tatu kutoka kisimani, yule anayekaa mbele kabisa kwenye darasa la watu wazima. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo lawama zote zije kwangu, zisiende kwa mwalimu.

Nianze kwa kusema kwamba usafi siupingi. Siku mlipotutangazia kwamba vijiji viwili vya wilaya mbili vitashirikiana kuwa na shimo moja la taka kule Juhudi, ng'ambo ya mto, na kwamba vitu vikuukuu vitatengenezwa upya vitumike tena, nilipiga makofi hadi viganja vikaniwasha. Lakini tangu shughuli yenyewe ianze nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Mmeagiza kila nyumba itoe debe moja la taka kila Alhamisi. Ndugu Mwenyekiti, debe hilo tulijaze nini? Wenzetu wa Juhudi wamepakana na mashamba ya mkonge, na reli inapita kwao. Wanakula samaki wa kopo, wanakunywa soda, taka wanazo mpaka za kuringia. Sisi huku maganda ya muhogo wanakula mbuzi, majivu tunasugulia sufuria, kopo likiisha kazi linakuwa koroboi, gazeti likishasomwa linafungia karanga. Nairesiae, mke wa mfugaji wetu, aliambiwa ajaze debe lake kwa mavi ya ng'ombe. Kwa kuwa nyumba yake yote imekandikwa kwa hayo hayo, akawauliza wakusanyaji kama wanataka aanze kubomoa ukuta au paa.

2. Makopo machache tuliyokuwa nayo yalivuka mto. Fundi wa Juhudi akayageuza koroboi, kama mlivyoahidi, na sasa koroboi hizo zinarudi huku kuuzwa. Sisemi ni mbaya, zinawaka vizuri. Ila darasani ninasomea mwanga wa kopo langu mwenyewe la maziwa. Nalijua kwa pale nilipolitoboa kwa msumari.

3. Hili ndilo linaloniuma. Alhamisi iliyopita madebe ya Tupendane yalipopungua, mjumbe wetu wa nyumba kumi, Ndugu Sadala, alipita na punda akitafuta chochote kilichovunjika. Nyuma ya nyumba yangu akakuta mtungi wenye ufa. Mtungi huo ni wa marehemu mama yangu. Tulipohamishwa kutoka upande wa Kwamsisi kuja kijijini, nilishuka kwenye lori nimeukumbatia, na ni katika kushuka huko ulipopasuka. Kutoka nyumbani kwa mama sina kitu kingine. Maji haushiki tena, ndiyo maana nilimpa kuku wangu mwekundu aatamie humo. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye shamba la kijiji, kwa ratiba yenu. Sadala alijaribu kumtoa kuku, akadonolewa, akaona njia ya amani ni kubeba vyote. Kwenye karatasi aliyoacha mlangoni ameandika: "Mtungi mbovu mmoja, pamoja na vilivyomo." Nililia, sioni haya kusema. Jirani yangu Chausiku alilia pamoja nami mpaka jua likazama, akanipikia uji, na ndiye aliyenisihi nisinyamaze.

4. Kesho yake nikavuka mto. Mlinzi wa shimo, Mama Hosiana, ni mtu mwema. Amemtundikia kuku wangu gunia apate kivuli, na maji anampa. Ila kunirudishia hawezi, kwa sababu kitu kikishafika shimoni ni mali ya vijiji vyote viwili mpaka kamati ikae. Nikamuuliza kamati inakaa lini. Jumamosi ijayo. Nikamuuliza ajenda. Ya kwanza ni kuku wa Swaumu. Ya mwisho ni chakula, wali kwa kuku. Nikamuuliza huyo kuku wa chakula anatoka nyumba gani. Mama Hosiana akachukua ufagio, akaanza kufagia.

5. Tena mayai yataanguliwa wakati wowote. Vifaranga wakitotolewa huko watakuwa watu wa Korogwe, na mama yao ni wa Handeni. Je, wakitaka kuja kunisalimia mimi bibi yao, watahitaji barua ya mwenyekiti? Na kama kila chenye ufa ni taka, mimi nimepungukiwa meno ya mbele na goti la kushoto halikunjiki. Kwa kipimo cha kamati nakaribia nusu debe. Naomba nijulishwe mapema siku ya kubebwa, nifue kanga.

Kwa hiyo naomba kuku na mtungi wangu virudishwe kabla ya Jumamosi, na kwa vyovyote kabla ya ajenda ya mwisho. Na kuhusu upungufu wetu, naomba wenzetu wa Juhudi, kwa moyo huu huu wa ushirikiano, watukopeshe taka. Kila Jumatano punda watuletee madebe yaliyojaa, tuyalaze kwetu kama wageni, Alhamisi asubuhi tuyarudishe shimoni. Hesabu itatimia, Bwana Afya anayekagua madebe atafurahi, na hakuna mtungi wa marehemu utakaoguswa. Mkikataa, basi ushirikiano uvunjwe, kila kijiji kibaki na taka zake, hata kama hakina.

Nisalimie mkeo na watoto, wajumbe wote, fundi wa koroboi, na punda, ambao hawana kosa. Kuku wangu mwambieni asikate tamaa.

Wako katika kujenga Taifa na kumtafuta kuku,

Swaumu binti Rehani.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, Ndugu Sadala akafika na punda. Amenirudishia mtungi, kuku, na vifaranga nyuma yake, wote wazima. Pia amenipa salamu zako kwamba nimeteuliwa kuwa mjumbe wa kamati, kujaza ile nafasi ya akina mama, kwa kuwa naonekana mtu wa kufuatilia mambo. Nimekubali. Kwa hiyo namba moja hadi tano tafadhali usizisome. Habari ya kukopeshana taka, nikiitazama sasa kama mjumbe, naona ni udanganyifu, na debe moja kwa nyumba ni kidogo mno. Yawe mawili. Wali wa Jumamosi nitaupika mimi. Kuhusu kitoweo, yule jirani yangu Chausiku ana kinu kilichopasuka nyuma ya nyumba yake, na jogoo wake mnono hushinda juu ya kinu hicho. Alhamisi Chausiku huwa yuko shambani.