Kuku wa Kipengele cha Saba

Ilitangazwa redioni, mara tu baada ya matangazo ya vifo, kwamba umaskini katika wilaya yetu utakwisha Ijumaa ya wiki ijayo saa nne asubuhi, na wananchi wote wanaombwa kuhudhuria.

Kazi ya kuumaliza alipewa Bwana Wiskesi Nkhwazi, Afisa Mwandamizi wa Upimaji wa Umaskini, mtu makini ambaye katika miaka yote ya utumishi hajapoteza hata kalamu moja ya serikali. Alifika kijijini Kachenga, kijiji cha mwisho kupimwa wilayani, na fomu, muhuri, na gari lililoishiwa mafuta hapo hapo mbele ya nyumba ya Jumbe. Kaya itakayothibitishwa kuwa maskini ingepata mifuko miwili ya mbolea. Mvua zilikuwa zimekaribia. Mama Yankho, mjane mwenye watoto wanne, alivuna mahindi mwezi wa nne yakaisha mwezi wa nane, kwa hiyo mbolea hiyo aliiota hata mchana.

Sasa, kwetu Malawi mgeni akipiga hodi, kuku ndio wanaoogopa. Mgeni halishwi majani. Mama Yankho alikuwa na tetea mmoja tu, akamchinja. Bwana Nkhwazi alikula nsima, ugali wetu, mabonge manne, akapewa na firigisi kwa heshima yake, akanawa, akafungua fomu.

"Kipengele cha saba. Je, kaya hii huchinja kuku?"

"Kuku gani, Bwana? Tangu Pasaka ya mwaka juzi sijachinja."

"Mama, serikali haipendi uongo. Na huyu kachinjwa wapi?"

"Si nimemchinja kwa ajili yako?"

"Kwa hiyo kachinjwa," alisema Bwana Nkhwazi kwa upole, akaandika: Si maskini.

Kwa siku tisa afisa huyu alijitolea mwili na roho. Alipima nyumba zote arobaini, nyingine asubuhi, nyingine mchana, na katika kila nyumba alikuta ushahidi kwenye sahani. Hakupata maskini hata mmoja. Mama Yankho alikata rufaa, na kanuni zinasema rufaa husikilizwa nyumbani kwa mlalamikaji.

"Safari hii nampa mchicha," alimwambia Jumbe.

"Wee mama, unataka tusemwe hadi kijiji cha pili?" alisema Jumbe Kachenga. "Mgeni wa serikali ale mchicha kwangu? Labda nife kwanza."

Jumbe mwenyewe akamwazimia jogoo kijiji cha jirani. Bwana Nkhwazi alikula, akaandika kwamba hali ya mjane inazidi kuimarika: mara ya kwanza tetea, sasa jogoo.

Alhamisi ikaja simu kutoka makao makuu. Naibu Waziri atamaliza umaskini yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya wapiga picha, kwa hiyo aandaliwe maskini mmoja. Bwana Nkhwazi alitoka jasho. Akaiita Kamati ya Uhakiki ya Kijiji, aliyoiunda siku ya kwanza ili itajwe kwenye ripoti. Katibu wake alikuwa Mama Yankho, kwa sababu ana mwandiko mzuri.

"Nipatieni maskini mmoja leo hii. Awe na vigezo vyote."

"Aliyelala kijijini zaidi ya siku saba anahesabika mwanakijiji?" aliuliza Mama Yankho.

"Fomu ndivyo inavyosema. Usiniulizeulize, mama. Jaza."

Mama Yankho akajaza. Shamba: hana. Jembe: hana. Mifugo: hana. Akiba ya chakula: hana. Hula wapi: kwa watu. Hulala wapi: kwa watu. Amewahi kuchinja kuku wake hapa kijijini: hajawahi. Alama zote zikatimia. Bwana Nkhwazi alikuwa na paja la kuku mkono wa kulia, kwa hiyo akatia saini na muhuri kwa mkono wa kushoto, bila kusoma, maana fomu alizokwisha kuzisoma maishani zinamtosha.

Ijumaa saa nne Naibu Waziri alivaa miwani. "Maskini wa mwisho wa wilaya hii," alisoma, "ni ndugu Nkhwazi, Wiskesi."

Bwana Nkhwazi, aliyeanza kupiga makofi kabla ya wote, aliendelea kidogo kisha akaacha.

"Mheshimiwa, hapo kuna kosa."

"Saini ni ya nani?"

"Yangu."

"Muhuri?"

"Wangu, Mheshimiwa."

"Kama fomu hii ina kosa," alisema Naibu Waziri taratibu, "je, hizi nyingine arobaini?"

Bwana Nkhwazi alizitazama zile fomu, akawatazama wapiga picha, akakumbuka cheo anachokisubiri. "Fomu iko sahihi," alisema.

Akapewa mbolea na jembe jipya, akapigwa picha akitabasamu. Kipengele cha kumi na mbili, ambacho alikitunga mwenyewe, kinasema maskini asiye na shamba ataungana na kaya yenye shamba, na hataondoka kijijini mpaka avune. Katibu alikuwa ameshaijaza kaya: yake mwenyewe. Gari lilitiwa mafuta, likaondoka na msafara bila yeye.

Mvua ilinyesha Jumatatu. Kufikia mchana alikuwa ameshapiga matuta manane, viganja vimetoka malengelenge, na mbolea yote iko kwenye shamba la Mama Yankho. Waliketi kula. Alifunua sahani, akaona nsima na majani ya maboga.

"Mama Yankho," alisema kwa sauti ndogo, "leo hakuna kuku?"

"Baba, wewe si mgeni tena, wewe ni wa kaya hii," alisema Mama Yankho, akimsogezea chumvi. "Tukichinja tu, utafutwa kwenye orodha."