Mkeka wa Mtu Mmoja

Kuanzia Jumatatu, hakuna jambo lililoruhusiwa kuwa limetokea Unguja mpaka Kitengo cha Uhakiki wa Taarifa za Mitandaoni kithibitishe kwamba limetokea. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi wa Kitengo, Bwana Khatib Borafya, juu ya ngazi za ofisi yake Mji Mkongwe. Waliokuwa wakipita na vespa walipunguza mwendo, kwa heshima au kwa sababu ya kona.

Khatib aliifanya kazi hii kwa moyo safi. Dari ya ofisi ilipovuja na picha zikaenea kwenye simu za watu, alikaa pale pale chini ya matone, mwavuli mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, akaandika: "Taarifa hii haijathibitishwa." Wiki hiyo hiyo Bi Mize, mkulima wa mwani wa Jambiani, alipiga simu kuuliza kama ni kweli ule ujumbe unaosema mnunuzi atakuja Jumatano na bei mara mbili.

"Tutumie ujumbe wenyewe, Bi Mize. Kamati itakaa."

"Itakaa lini?"

"Ikishaundwa."

"Basi usihangaike, mwanangu. Nshampigia mnunuzi mwenyewe, kasema haji. Nlitaka kujua tu kama na nyinyi mnajua."

Khatib alimshukuru, akaagiza suala lake liendelee kuchunguzwa.

Alhamisi asubuhi, kwenye kundi la WhatsApp la watumishi, ukaangushwa mkeka. Ndivyo watu wanavyoiita orodha ya walioteuliwa kushika vyeo. Mkeka huu ulikuwa na jina moja: Khatib Borafya Kificho, Mkuu wa Mamlaka ya Ukweli. Nembo ipo, muhuri wa buluu upo, sahihi ipo. Mamlaka yenyewe Khatib hakuwahi kuisikia, lakini aliona si ajabu mtu kupewa cheo asichokijua. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa thelathini na moja Juni, siku ambayo Juni haina. Hilo nalo lilimfurahisha. Serikali sasa inatazama mbele.

"Tuihakiki, mkuu?" aliuliza Nassra, afisa wake wa pili, akiikuza picha kwa vidole.

"Tuhakiki nini?"

"Si ndiyo kazi yetu?"

"Nassra, kinachohakikiwa ni minong'ono. Hii ni habari njema."

"Piga simu moja tu, basi. Wenyewe watakwambia."

"Mtu akiteuliwa halafu akauliza kama ni kweli, wataona hajiamini. Watampa mwengine."

"Haya. Hongera, mkuu. Wallahi kofia imekukaa."

Halua ikaagizwa, kahawa ikaja, na makabidhiano ya ofisi yakarushwa mubashara kwenye ukurasa wa Kitengo. Khatib alimkabidhi Nassra muhuri kwa mikono miwili, akampa funguo, akatamka mbele ya watazamaji kwamba kuanzia saa hiyo yeye si Mkurugenzi tena. Nassra aliuliza kama na kiti pia. Na kiti pia.

Kisha Nassra akaichukua simu, bado inarusha, akamfuata Khatib hadi ghorofa ya juu, kwa Katibu. Katibu Himid alikuwa mkubwa wake wa kazi, na kwa umri alimzidi miaka ishirini. Siku zote alimwita "we kijana", na akipewa mkono hujifanya hauoni. Lakini mkeka alikuwa ameshauona. Mlango haujafunguka vizuri, keshasimama.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Khatib alisita kidogo. Halafu akasema, "Marahaba."

Akamwambia yote aliyokuwa ameyaweka moyoni: kwamba kazi haijui, kwamba hulala vikaoni, kwamba hotuba zake zote aliziandika yeye Khatib, hata zile za kumlaumu Khatib.

"Kweli kabisa, Mheshimiwa," alijibu Katibu, akitafuta kalamu. "Ila kulala, ni vikao vya mchana tu."

Baada ya adhuhuri, wahusika wa uteuzi wakatoa taarifa fupi. Mkeka ni wa uongo. Mamlaka ya Ukweli haipo.

Khatib aliteremka ngazi mbio. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Nassra! Fungua. Sikuteuliwa."

"Pole, kaka. Tumeona."

"Basi narudi kitini kwangu."

"Kiti kipi?"

"Changu! Kama uteuzi ni wa uongo, na makabidhiano ni ya uongo."

"Makabidhiano yalitokea. Nimeyatazama mara mbili, na sauti yako inasikika vizuri." Ndani muhuri ukagonga karatasi. "Tayari. 'Aliyekuwa Mkurugenzi hakuteuliwa, lakini ameondoka.'"

Khatib alibaki amesimama, akiwaza atamwambia nini mkewe Zeyana, aliyekuwa akipokea hongera za ukoo mzima tangu asubuhi. Hapo Katibu akafika, akampita kama anayepita nguzo, akainama kwenye tundu la ufunguo.

"Bi Nassra," alisema kwa sauti ya chini, "ile sehemu ninayotoa shikamoo, Kitengo hakiwezi kutangaza kuwa ni uvumi?"

"Si uvumi, Katibu. Nilikuwepo."

"Na ukisema hukuwepo?"

"Simu aliishika nani?"

Nje, kwenye baraza ya duka la jirani, wanaume walikuwa wamekusanyika juu ya simu moja. Mmoja alisema "Shikamoo, Mheshimiwa" kwa sauti nyembamba, na wenzake wakapiga makofi kwa kicheko.

Katibu alikisikiliza kicheko mpaka mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akamshika Khatib mkono.

"Bwana Khatib, wewe ndiye mtaalamu. Jambo kama hili huwa mnalifanyaje?"

"Tunasema halijathibitishwa."

"Na likishathibitishwa?"

Khatib alifikiri kwa uaminifu wake wote.

"Hatukuwahi kufika huko, Katibu."