Kamati ya Siri ya Mapazia

Mwaka ule wa watu kuhamia vijijini, Handeni ilipiga hatua kubwa ya maendeleo: kijiji kimoja cha ujamaa kilipata Kamati ya Siri ya Uteuzi wa Mapazia. Mapazia yenyewe yalikuwa ya nyumba moja tu, ya Katibu Kata, Ndugu Valerian, maana ndiyo pekee yenye madirisha. Mkuu wa Wilaya alikuwa anakuja kuikagua, maana ndiyo Nyumba ya Mfano, na Valerian alitaka uhamisho wa Korogwe mjini mpaka anauota.

"Ni siri," aliwaapisha wajumbe wake wawili, mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe. "Wananchi wakisikia pazia, kesho watadai madirisha."

Mjumbe Rosina akafikicha macho. Jiko lake halikuwa na hata tundu la kutolea moshi, na macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Alishaomba dirisha. Akajibiwa lipo kwenye mpango wa miaka mitano. Hakuambiwa mitano ipi.

Kikao kikachambua rangi kwa kina. Maua? Ubepari. Mistari? Inaleta matabaka. Mzee Tiampati, mjumbe wa wafugaji, akanyoosha ncha ya shuka lake jekundu la lubega.

"Hii je? Hata ndama wangu wanaipenda."

"Mzee, pazia si la ndama."

Ikapita nyeupe.

Asubuhi Valerian akadandia lori kwenda Korogwe kutafuta fimbo za kutundikia. Rosina akatumwa dukani kwa Mwinjuma. Kitambaa cheupe kilikuwepo kimoja tu, bafta, na pale kijijini bafta watu hununua kwa kazi moja: sanda.

"Shikamoo. Naomba jora zima, la nyumbani kwa Katibu."

Mwinjuma akayatazama yale macho mekundu. "Marahaba. Mwanangu, kuna nini huko?"

Rosina akakumbuka kiapo. Akainamisha kichwa.

"Innalillahi! Jora zima! Kweli, mtu mnene yule!"

Akafunga duka.

Jua halijapanda, majembe yote yako chini. Kina mama wakaja na unga na kuni, vijana wakashika sururu, mbuzi wa Katibu wakaitwa kulitumikia taifa. Aliyeuliza maiti iko wapi akaambiwa itakuja na lori la Korogwe. Mkuu wa Wilaya akawahi siku moja, akafika kukagua mapazia, akakuta mikeka. Akavua viatu, akakaa, akamsifu marehemu kwa kazi ambazo kijiji kilikuwa hakijazisikia.

"Kafa na nini?" Tiampati akanong'ona.

"Siri ya Kamati, mzee," Rosina akajibu.

Wakauma midomo, mabega yanatikisika. Watu wakasema, masikini, tazameni wanavyomlilia.

Jioni Valerian akashuka kwenye lori, fimbo begani. Mama mmoja akaruka na sufuria ya ugali.

"Jamani, mimi mzima!"

"Ndugu Marehemu, tulia," Mkuu akasema. "Simu ya msiba imeshapigwa Tanga, mkoani. Una shahidi?"

"Rosina! Waambie ile bafta ya nini!"

Rosina akasimama. "Niliapa mbele ya mwenyekiti, Ndugu Mkuu, na mwenyekiti ndiye aliyefariki. Labda mwenyekiti mpya aniruhusu."

Hoja ilikuwa ya kitaratibu. Mkuu akamteua Rosina mwenyekiti palepale. Rosina akajiruhusu, akasema yote, na ile hofu ya madirisha pia. Mkuu akacheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu akaona sururu zimeshanolewa na vijana hawana wa kuzika, akawaonyesha ukuta wa jiko la Rosina.

Usiku haujaingia, jiko la Rosina lina madirisha. Fremu zilitoka Nyumba ya Mfano, zote, na matundu yake yakazibwa kwa udongo.

"Na uhamisho wangu?" Valerian akauliza.

"Marehemu huhamishwa mara moja tu," Mkuu akasema, "na shimo lipo tayari."

Mapazia yakatundikwa vizuri sana ukutani, gizani. Baada ya wiki Valerian akaja kwa mwenyekiti, macho mekundu kwa moshi, kuomba dirisha. Rosina akamjibu kwa heshima zote: lipo kwenye mpango wa miaka mitano.