Ombi la Kumstaafisha Bibi Kazi ya Kulinda Joto Langu

Kwako Bibi Hermelinda,
Msimamizi wa Afya za Nyumba Yetu,
Ibarra.

Salamu zangu zikufikie hapo jikoni. Nakuandikia kwa sababu nikisimama mbele yako maneno hunikimbia.

Kama ujuavyo, Mama Clotilde amekubali kuniajiri nizungushe sufuria yake ya shaba juu ya barafu, tutengeneze aiskrimu ya matunda. Nisipofika Jumatatu atamchukua mwingine. Wewe umekataa, kwa kuwa asubuhi napiga pasi, na aliyepiga pasi hashiki baridi, asije akapinda mdomo. Ulisema, "Mdomo ukienda upande, mjukuu wangu, atakuoa nani? Punda?" Malalamiko yangu ni haya:

1. Shuleni tulifundishwa kwamba mwili hujitunzia joto wenyewe. Likizidi, hutoa jasho; likipungua, hutetemeka. Kwa hiyo kazi hiyo tayari ina mwenyewe.

2. Wewe unaiingilia kazi ya mwili. Tangu nimalize shule sijapata kutetemeka hata kidogo, maana kabla sijaanza umeshanitupia shali. Naogopa mwili wangu utasahau kazi.

3. Figo nazo zinanung'unika. Kazi yao ni kupima maji, lakini kabla hazijamaliza kupima unaniletea kikombe kingine cha chai ya majani.

4. Ikiwa joto na baridi havipaswi kukutana, basi padre naye azuiwe. Kila Jumapili hutoka kwenye jua kali akaingia kanisani kwenye baridi ya kaburi, na bado huhubiri mpaka supu zetu zinapoa. Mlima Imbabura nao una jua mgongoni na ukungu kichwani. Tuushonee shali?

Nilipomweleza Mama Clotilde, alicheka: "Mwambie bibi yako mimi napiga pasi na kushika barafu tangu usichana, na wanaume wawili wamenililia wanioe."

Hivyo basi, naomba kwa heshima ujiuzulu usimamizi wa joto langu kuanzia Jumatatu. Shali zote ubaki nazo, ziwe kiinua mgongo chako.

Nisalimie Shangazi Otilia, binamu zangu, na yeyote atakayekusomea barua hii kwa sauti, ila asicheke.

Mjukuu wako mtiifu, isipokuwa Jumatatu,
Nereida

N.B. Mvua imeanza na nguo ziko kambani. Tafadhali toka uzianue wewe, Bibi. Pasi nimeiweka chini sasa hivi, na mdomo wangu bado nauhitaji.