Siku Kibofu Kilipopasuka

Jumanne, 11 Februari

Nyumba kimya. Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Aliondoka baada ya uyoga wangu kuhama ndoo na kuota kwenye kochi lake. Hakugombana, na hilo ndilo linaloniuma. Alifunga sanduku, akasema nimalize jambo moja, moja tu, lolote lile, kisha nimpigie simu naye atarudi.

Jambo limepatikana. Divai. Mwezi uliopita alionja ya jirani yetu, mwashi mstaafu, akafumba macho kwa utamu. Mimi amenifumbia macho miaka mingi, lakini si kwa namna ile.

Mwashi hukamua zabibu kwa shuka na mikono, mgongo umepinda. Nilimwonea huruma. Mimi nitatumia mashine.

Jumatano, 12 Februari

Nimeipata. Inaitwa shinikizo la kibofu. Ilikuwa ya mama mmoja ambaye baa yake imefungwa. Ni kikapu cha chuma chenye matundu, kirefu kama pipa, na katikati kuna mpira mnene mweusi. Huo ndio kibofu. Unajaza zabibu zilizopondwa kukizunguka, unafunga mfuniko, unaunganisha mpira wa maji kutoka bombani. Kibofu kinavimba, kinazibana zabibu ukutani, divai inachuruzika kupitia matundu. Wewe umekunja mikono tu. Kazi ya namna hii niliitafuta ujana wangu wote.

Mama wa Baa hakutaka pesa. Alitaka cherehani. Cherehani tunayo. Yaani mke wangu anayo. Alikuwa nayo.

Tukipakia mkokoteni alinisisitizia kwamba nisifungue maji kwa nguvu kabla sijahakikisha kimejaa. Nikamwambia nimeelewa. Huwa naelewa haraka.

Ijumaa, 14 Februari

Zabibu zinachacha kwenye pipa bafuni. Naogea jikoni.

Mwashi amechungulia juu ya ukuta, akauliza kama chombo nilichokiweka uani ni cha kufulia. Nikamweleza kwa ufupi, kama unavyomweleza mtu wa shuka. Akauliza nina zabibu kiasi gani, akasema ni chache, akajitolea kuniongezea zake. Nikamshukuru, nikamwambia kila mtu na zake. Wivu una sura nyingi, na mojawapo ni ukarimu.

Akamwulizia mke wangu, anayemwita shemeji. Nikasema hajambo, kasafiri. Akaitikia kwa adabu, ile adabu ya mtu ambaye kila kitu hukisikia kupitia ukutani.

Jumamosi, 15 Februari

Niandike ningali nakumbuka.

Nilikiingiza chombo bafuni, penye bomba. Zabibu zilifika nusu ya kikapu, tena kwa kuzibembeleza. Nikafunga mfuniko. Nikafungua maji kidogo. Chombo kikanguruma kama tumbo la mgonjwa, kisha tone la kwanza likatoka, jekundu, likifuatwa na mengine. Nilimfikiria mke wangu akifumba macho.

Nikakumbuka maagizo. Kimejaa? Nikakibonyeza kibofu kwa juu, penye upenyo wa mfuniko. Bado kilikuwa kinanesa. Hakijajaa. Nikafungua bomba lote.

Kishindo chake kilimleta Mwashi bila viatu. Divai ilikuwa darini, kwenye suruali yangu, ndani ya masikio. Iliyobaki ilichanganyika na maji ikashuka kwenye mtaro wa bafu. Mwashi alitazama, akaniuliza taratibu kama nilikijaza kikapu. Nikamjibu niliambiwa nikijaze kibofu. Akasema kinachojazwa kwanza ni kikapu. Kikiwa nusu, kibofu hakina cha kukizuia, kinavimba mpaka kipasuke.

Kikapu kimejaa. Kibofu kimejaa. Mama wa Baa alisema tu kimejaa, bila kutaja kipi, akaniachia mimi nichague. Nilichagua.

Nikaamua kuwa mkweli. Nikapiga simu. Akapokea shemeji, dada wa mke wangu, akasema ndugu yake anaoga. Nikamwambia basi amwambie tu kwamba yamekwisha, kibofu kimepasuka. Nikasikia kikombe kikianguka. Simu yangu ikazimika, chaji imekwisha.

Jumapili, 16 Februari

Nimeamshwa na mlango. Mke wangu, sanduku mkononi, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, na shemeji nyuma yake na chupa ya chai. Walitazama sakafu nyekundu. Walitazama suruali yangu, mahali pale hasa. Mke wangu akakaa chini na kuishika miguu yangu, akaniita mume wangu, akaniuliza kwa nini nilificha ugonjwa muda wote huu.

Nilifungua mdomo nieleze. Mkono wake ukatua kwenye paji la uso wangu. Nikaufunga mdomo. Nikalala. Nikaguna kwa kiasi.

Shemeji alitaka kujua mara ya mwisho nilikwenda haja lini. Nikasema ni habari ndefu.

Amekaa nami hadi mchana. Ameniambia, akinisugua mgongo, kwamba lile sharti la kumaliza jambo lilikuwa la hasira tu. Alikuwa anasubiri nipige. Angerudi kwa simu tupu.

Ningeweza kusema kweli hapo. Nafasi ilikuwa pana, ya kutosha kupitisha mkokoteni. Nikaguna tena.

Ndipo Mwashi akaingia na gundi na kipande cha tairi. Akasema amekichunguza kibofu vizuri, hakijachanika sana, akipata msasa atakitia kiraka leo hii. Shemeji akamwuliza, kiraka wapi, baba? Akaonyesha bafuni.

Mke wangu alikwenda bafuni. Kisha nikamsikia akienda kwenye kona ya cherehani. Huko alikaa zaidi. Aliporudi alilichukua sanduku. Hakuwa amelifungua, kwa hiyo hapakuwa na kazi ya kufunga.

Jumanne, 18 Februari

Nimepiga simu. Shemeji amesema safari ijayo nife kwanza, ndipo nipige.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kosa langu liko wapi? Watu walikuja mbio, mkono ulitua kwenye paji la uso. Mpango ulikuwa mzima. Nilikosea kiungo tu. Kibofu hutiwa kiraka, kila fundi anajua.

Mama wa Baa ana pampu ya kuvutia divai. Ndani yake kuna kidude wanachokiita moyo. Anataka kabati la nguo. Nimemwuliza jambo moja tu: huo moyo, ukiharibika, husimama ghafla?

Amesema ghafla kabisa. Kesho asubuhi napeleka kabati.